Mchanga Ndani ya Dagaa

Nyamizi, umeniuliza mara tatu, na ya tatu
umeniuliza mbele ya wote, mwalo mzima wa Kirumba ukisikia:
Minza, fedha ya kikundi inaoza benki,
Jabali Magari wanauza hisa shilingi mia nne,
unangoja nini?

Nilikuwa nasoma.

Kitabu chao kina karatasi inayong'aa.
Ukurasa wa kwanza, gari jeupe limeegeshwa juu ya jabali
na ziwa nyuma yake limepakwa buluu ambayo sijawahi kuiona,
nami nimezaliwa hapa.
Nikaanza nyuma, kwenye maandishi madogo,
kama ninavyoanza gunia la dagaa kwa chini,
maana juu kila mtu hupanga wazuri.

Faida imepanda kwa theluthi. Wameiandika kwa wino mzito.
Lakini fedha taslimu, kurasa mbili mbele,
imetoka kuliko ilivyoingia.
Faida gani hii isiyojua njia ya mfukoni?
Nikatazama wadaiwa: wameongezeka maradufu.
Gari limeondoka, mteja kaondoka nalo,
kilichobaki uwanjani ni ahadi,
nao ahadi wameihesabu kama noti.
Mimi pia nina ahadi za wachuuzi wa Shinyanga daftarini.
Sijawahi kumlipa mwenye boti kwa ahadi.

Jumanne nikaenda Nyakato, sikumwambia mtu.
Nikavaa viatu vya kanisani, nikajifanya mnunuzi.
Kitabu kinasema yapo magari mia mbili na kumi,
na mwaka mzima yameuzwa mia moja sitini na nane.
Nikapiga hesabu kiganjani:
la mwisho kwenye mstari litasubiri miezi kumi na tano.
Gari likikaa, linaliwa.
Kule ukutani niliandika jina langu kwa kidole
kwenye kioo cha gari la kijivu,
vumbi likapokea kila herufi.
Majani yameota kati ya tairi na tairi.
Kitabuni bado lina bei ya siku liliposhuka melini.

Fulgence, kijana wao mwenye tai, akanionyesha mita:
kilomita elfu arobaini tu, mama.
Nikainama nikatazama pedali ya breki.
Mpira umelika hadi chuma.
Mita hurudishwa nyuma, mguu haurudishwi,
na hapo nikaanza kukiogopa kitabu kizima.

Getini mlinzi, Masanyiwa, akaniomba mia tano ya maji.
Mishahara ya miezi miwili, akasema, wanaiita malimbikizo.
Usiku nikaitafuta. Ipo.
Ukurasa wa arobaini na moja, neno moja, namba moja.

Sasa sogeeni mezani.
Kila hisa imezaa shilingi ishirini na moja kwa mwaka.
Igawe mia nne: miaka kumi na tisa
tukae tukingoja chetu kirudi,
kama hiyo ishirini na moja ni ya kweli,
nami nimeipepeta, imebaki kumi na nne.
Ukiuza kila kitu leo, ukailipa benki, ukailipa bandari,
hisa moja inabaki na mia mbili thelathini,
na hapo umelihesabu lile la kijivu.

Mnapenda kusema mali bila daftari hupotea bila habari.
Kweli. Na daftari bila mali?

Sisemi Jabali ni wezi.
Dagaa wa kuanikwa chini hawakosi mchanga,
hata wetu, Mungu anatuona.
Kazi ya mnunuzi ni kujua mchanga ni kiasi gani
na kukataa kuulipia.

Hisa ikishuka mia moja na hamsini
niamsheni hata usiku, nitakuja na kanga moja.
Kwa leo, Nyamizi, fedha iko benki, inaoza polepole,
na harufu yake naijua.
Nipe huo ungo.